Gmail imejaa? Anza na viambatisho

Pole dada, unasema Gmail yako imejaa, umefuta matangazo elfu nzima na nafasi haijaongezeka. Hilo ni kawaida, maana barua pepe ya maandishi tu haina uzito mkubwa. Kinachokula nafasi ni viambatisho, yaani faili zinazotumwa pamoja na barua. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika has:attachment larger:10M older_than:2y (yaani barua zenye viambatisho, zinazozidi MB 10, za zaidi ya miaka miwili), zitajitokeza zile PDF za kuskani na picha za zamani. Pakua unazozihitaji, hakikisha zinafunguka, ndipo ufute. Kisha safisha na tupio lenyewe, kwani barua hukaa humo siku 30 na bado zinahesabiwa. Kuziweka barua kwenye kumbukumbu (Archive) badala ya kuzifuta hakupunguzi kitu. Angalia na Google Photos tafadhali: zile GB 15 za bure ni za Gmail, Drive na picha kwa pamoja.