Poda ya protini au dagaa wa Kirumba? Jibu kwa kijana wa Igoma

Mkuu, umesema una kilo 64, unabeba vyuma huko Igoma mara nne kwa wiki, na mwalimu wa jimu kakuambia mambo mawili: usipokunywa poda ndani ya nusu saa tizi lote limepotea, na mwili haupokei zaidi ya gramu 20 za protini kwa mlo. Nilisoma lishe SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na jioni nasimamia vijana kwenye jimu ya mtaani hapa Kirumba, Mwanza. Haya mawili nayasikia kila kukicha.

Hiyo 20 haikuokotwa barabarani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapa vijana protini ya yai baada ya mazoezi ya miguu, kila siku ya jaribio kipimo tofauti: gramu sifuri, 5, 10, 20 na 40. Kasi ya misuli kutengeneza protini mpya ilipanda mpaka 20. Kwenye 40 haikuongezeka cha maana, ziada ikachomwa. Sasa angalia: vijana wenyewe walikuwa sita, waliamka na njaa, wakafuatiliwa saa nne tu. Kazi nzuri ya maabara, ila majimu yakaigeuza amri. Mwaka 2023 wenzao wa Maastricht, Uholanzi, wakalinganisha gramu 25 na 100 za protini ya maziwa na kufuatilia kwa saa 12. Ile 100 iliendelea kutumika muda mrefu zaidi.

Halafu kasi hiyo ya saa chache siyo misuli unayoiona kwenye kioo. Kwa misuli yenyewe, uchambuzi wa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 49 zenye watu 1,863 waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki sita au zaidi. Faida ya kuongeza protini ilifikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni kama 102. Na ile nusu saa? Uchambuzi wa 2013 ulipohesabu jumla ya protini ya siku nzima, faida ya kuwahi ikayeyuka.

Gramu 102 unazipata bila kopo. Mayai mawili 12, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, gramu 50 za dagaa wakavu 25 hivi, na mnofu wa sato wa gramu 150 uliopikwa karibu 39. Tayari umevuka. Dagaa chukua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utatafuna mchanga na hela yako pamoja.

Ninachokiona mimi kinachowakwamisha vijana wengi wala siyo protini, ni wanga. Wapo wanaokesha ziwani na dagaa wakati wa giza la mwezi, jioni wanaingia jimu na chai ya rangi tumboni, seti ya tatu mikono inatetemeka. Glaikojeni, yaani akiba ya wanga kwenye misuli, imekwisha hiyo. Mwaka 1966 Wasweden Jonas Bergström na Eric Hultman walijigeuza wenyewe panya wa maabara: baiskeli moja, kila mmoja akipiga pedali kwa mguu mmoja hadi kuchoka, kisha siku tatu za kula wanga kwa wingi huku wakichomwa sindano ya kutoa vipande vya misuli. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni maradufu ya ule uliopumzika. Kwa hiyo kula ugali wa kutosha, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) au viazi saa mbili tatu kabla ya tizi. Udaga, ule wa muhogo, unakupa nguvu vizuri, ila protini yake ni kiduchu, usiutegemee peke yake na mchicha.

Ukiwa na hela ya kopo moja tu, mimi ningenunua krietini monohaidreti, poda ya kitu ambacho misuli hukitumia kupata nguvu za haraka. Hultman huyohuyo alikuwemo kwenye utafiti wa 1992 ulioonyesha kuwa ukiinywa inaongezeka kwenye misuli. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Kuzipata kwa samaki peke yake ungekula karibu kilo nzima kila siku. Uzito ukipanda kidogo wiki ya kwanza, mwingi ni maji. Kama una tatizo la figo, muone daktari kwanza, krietini na protini nyingi zote mbili.

Tuandikie hapa mchana unakula nini na tizi unaanza saa ngapi, tuone kama wanga wako unatosha.