Proksi Tuli au za Mzunguko? Majibu kwa Wasomaji

Nimeandika programu kwa Python inayokusanya bei za mahindi na maharage kutoka tovuti chache kila asubuhi. Nichukue proksi ya aina gani? (Msomaji, Gulu)

Proksi ni seva inayosimama kati ya programu yako na tovuti, hivyo tovuti huona anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya seva hiyo badala ya yako. Proksi tuli hubaki na anwani ileile kwa wiki na miezi, ilhali za mzunguko hukupa anwani nyingine kwa kila ombi au baada ya dakika kadhaa. Kwa kurasa chache kwa siku huhitaji hata moja kati ya hizo. Soma kwanza faili ya robots.txt ya kila tovuti, inayoeleza kurasa ambazo programu kama yako zinaombwa zisiguse, kisha weka sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi, na fedha ya proksi ibaki mfukoni.

Nikiingia kwenye akaunti ya kampuni yetu kupitia proksi za mzunguko, natolewa nje kila mara. (Msomaji, Kampala)

Ukishaweka nywila, tovuti hukupa kuki ya kukutambulisha, na tovuti nyingi huangalia pia kuki hiyo inatoka anwani gani. Ombi la kwanza likitoka Ujerumani na la pili Brazil, mfumo una haki ya kudhani kwamba akaunti imeibwa. Kazi yoyote inayohitaji utambulike ni ya proksi tuli.

Tovuti hunijibu 429 ingawa natumia mtandao wa simu bila proksi. (Msomaji, Mbarara)

Namba 429 maana yake ni kwamba maombi yamezidi kiwango kilichowekwa. Anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani wa anwani za IP ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na huenda unahesabiwa pamoja na watu usiowajua. Hapo proksi tuli isiyotumiwa na mwingine itakusaidia. Lakini kama maombi hayo ni yako mwenyewe, angalia kwenye jibu la seva mstari wa Retry-After, ambao mara nyingi hutaja sekunde za kusubiri, na programu yako isubiri. Kuzungusha anwani ili uendelee kwa kasi ileile ni kuibebesha seva ya mwenzako mzigo alioukataa waziwazi.

Nimepata proksi za mzunguko za majumbani kwa bei ya chini sana. Hizo anwani hutoka wapi? (Msomaji, Jinja)

Swali hili ndilo ningependa kila mnunuzi aulize. Anwani ya nyumbani ni ya kompyuta, simu au ruta ya mtu halisi, na mtu huyo ama amekubali kuikodisha au hajui lolote. Mwezi Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao wa 911 S5, uliohusishwa na anwani zaidi ya milioni 19 za kompyuta zilizoambukizwa, nyingi kupitia programu za bure za VPN (zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine), na kuuzwa kwa wahalifu kama proksi. Sisi Uganda tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018 iliwafanya wengi wetu wapakue VPN za bure ili kuikwepa, bila kuuliza nani anazigharimia. Mtake muuzaji aeleze kwa maandishi jinsi wenye vifaa walivyoridhia. Akikwepa, usinunue.

Je, proksi hunikinga kisheria? (Msomaji, Arua)

La. Ukikusanya majina na namba za simu za wauzaji, hizo ni data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu, anwani yako iwe tuli au ya mzunguko. Bei ya gunia la maharage isiyoambatana na jina la mtu haina tatizo hilo, kwa hiyo andika programu yako ichukue bei na kuyaacha majina.