Mlio wa onyo nimeuzoea, niuzime?

Swali: Fundi, gari langu kutoka Japani hulia onyo la kugonga kila bodaboda ikinichomekea Barabara ya Morogoro. Nimeuzoea mlio hadi siusikii. Niuzime? – Dereva, Kimara

Jibu: Usiuzime, ndugu yangu. Huko kutousikia ndiko kunakonitisha. Je, kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Kamera ya onyo hilo hukaa nyuma yake, juu katikati. Isipopimwa upya baada ya kioo kubadilishwa, hukosea umbali. Futa pia matope kwenye nembo ya mbele, maana magari mengi huficha hapo rada, kifaa cha kupima umbali wa kilicho mbele. Kisha punguza umbali wa onyo kwenye mipangilio. Bodaboda bado zitauamsha mlio, kwa kuwa zinapita karibu kweli. Mimi nilipuuza mlio mmoja pale Ubungo, nikaigonga daladala iliyosimama ghafla. Siku hizi ukilia, mguu uko kwenye breki.