Re: Bangili za fedha zimekuwa nyeusi, dawa ya meno haijasaidia

Salaam dada. Umesema bangili zimeiva weusi na dawa ya meno imeacha mikwaruzo. Acha kuisugulia, inakwangua fedha yenyewe.

Kwanza angalia kama zina lulu, marijani au kito kilichogandishwa kwa gundi. Zikiwa nazo, usiziloweke. Futa tu kwa kitambaa cha pamba chenye maji na sabuni kidogo. Na weusi uliotiwa makusudi na sonara ndani ya nakshi utatoka pia, kwa hivyo fikiria kabla.

Zisizo na kito: tandaza foili ya aluminiamu kwenye bakuli la kioo, panga bangili juu yake, nyunyiza vijiko vikubwa 2 vya bekingi soda, mimina lita 1 ya maji yaliyochemka. Lazima kila bangili iguse foili, la sivyo hakuna kitakachotokea: aluminiamu ndiyo inayoivua fedha ile salfa iliyoifanya nyeusi. Harufu ya yai viza ni kawaida, fungua dirisha. Dakika 5 hadi 10. Zikibaki madoa, badilisha foili na maji.

Suuza kwa maji ya mvua au ya chupa, si ya kisima cha chumvi. Kausha kabisa, hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kipande cha chaki. Usizifunge kwa mpira, una salfa.