Maji ya rangi yakishakuwa meupe, angalia kwanza rangi imeenda wapi (jibu kwa aliyejaribu utando wa uyoga)

Mkuu mleta mada, kwanza hongera kwa kujaribu mwenyewe maana wengi tunaishia kusoma tu. Umesema umetia utando (zile nyuzi nyeupe za fangasi zinazoota kabla ya uyoga kuchipua) wa uyoga wa mamama (Pleurotus ostreatus) kwenye mtungi wa maji yenye rangi ya bluu ya kutilia nguo, maji yakawa meupe, na unauliza kama yameshasafishika yanaweza kumwagwa. Hii kazi nimeifanya maabara muda mrefu, fangasi hawahawa na rangi za viwandani, kwahiyo najibu kwa niliyoyaona. Uwezo huo fangasi wanao kweli kabisa, ila mtungi wako bado haujathibitisha kitu, kwasababu hujasema huo utando wenyewe sasa hivi una rangi gani.

Rangi inaweza kutoka kwenye maji kwa njia mbili. Inaweza kunata kwenye kuta za seli za fangasi, hapo haijavunjika, imehama tu. Au inavunjwa na vimeng'enya (enzymes) vya fangasi. Ukiangalia maji peke yake huwezi kutofautisha. Siku za mwanzo mara nyingi ni kunata: ukiutoa utando unakuta umekolea bluu mpaka ndani, ukiuminya unaacha madoa kwenye glavu, na ukiuloweka kwenye spiriti ile bluu inaanza kutoka tena unaiona kwa macho. Utando unaofanya kazi ya kweli unapauka taratibu, bluu inaingia mabaka ya manjano hafifu, mwisho unarudi mweupe au kahawia iliyofifia na spiriti haitoi kitu cha maana. Mimi hiyo ndo naitafuta kwanza, maji baadaye.

Sasa fanya hivi. Andaa mtungi wa pili wenye utando uleule, kiasi kilekile, ila uchemshe kwanza ufe. Utando mfu hautengenezi vimeng'enya lakini kunasa rangi unanasa, tena wakati mwingine kuliko ulio hai. Mtungi wa tatu uwe maji ya rangi matupu bila fangasi, maana kuna rangi zinapauka zenyewe kwa mwanga. Kama ulio hai na mfu vinakwenda sawa, jua umepata kichujio tu. Ukiwa na nafasi ya kutumia spektrofotomita (kifaa kinachopima maji yanafyonza mwanga kiasi gani) usipime urefu mmoja wa wimbi, pima mawimbi yote upate mchoro mzima. Kwa Remazol Brilliant Blue R, bluu moja ya viwandani, kilele cha kufyonza mwanga kiko karibu nanomita 590, na rangi ikinaswa tu mchoro wote unashuka pamoja umbo likiwa lilelile, ila ikivunjwa kile kilele kinabomoka na kwenye upande wa urujuanimno umbo linabadilika, kwasababu vipande vilivyobaki navyo vinafyonza mwanga kivyake.

Mdau mmoja hapo juu kauliza fangasi wamejuaje kula rangi ambayo binadamu kaitengeneza juzi tu, na kweli rangi ya kwanza ya kutengeneza iliyouzwa ilitoka kwa William Perkin mwaka 1856. Hawakuijua. Hawa ni fangasi wa uozo mweupe, kazi yao ni lignini, ile inayofanya mbao iwe ngumu, na lignini haina mpangilio mmoja, imeungana ovyo ovyo, kwahiyo kimeng'enya kinachochagua umbo moja hakifai. Wao wanatoa vimeng'enya nje ya mwili vinavyonyang'anya elektroni kwenye chochote chenye pete za kaboni zinazofanana na za lignini, na rangi nyingi za viwandani zimejengwa kwa pete hizohizo. Mamama na mwenzake Trametes versicolor wanatoa sana kimeng'enya kinachoitwa lakesi, yenye atomi 4 za shaba, inatumia oksijeni ya hewa na kuigeuza maji. Fangasi mwingine wa kundi hilo, Phanerochaete chrysosporium, yeye anategemea peroksidesi, vimeng'enya vinavyohitaji haidrojeni peroksaidi, na ile inayovunja lignini iligundulika 1983. Huyu ukimlisha nitrojeni nyingi ananenepa vizuri tu ila vimeng'enya vinapungua, ndo maana watu wanamwekea chakula kizuri alafu wanashangaa rangi iko palepale.

Aina ya rangi nayo ni kitu kikubwa. Bluu za antrakwinoni (kundi la rangi zilizojengwa kwa pete tatu zilizoungana) lakesi inazishambulia moja kwa moja, kwahiyo kama yako ni hiyo usishangae imeenda haraka. Rangi za kundi la azo, ambazo ndo nyingi kuliko zote sokoni, nyingine ni kaidi na lakesi peke yake haizitoshi, inahitaji kemikali ndogo ya kati ya kusaidia kubeba elektroni. Hapa naomba tuwe makini sana wakuu. Azo ina nitrojeni mbili zilizoshikana, na bakteria wasio na hewa wakizikata pale katikati rangi inapotea ila zinabaki amini za aromatiki, na baadhi yake zinasababisha saratani. Maji yanakuwa meupe na sumu ipo. Fangasi kwa kawaida wanavunja kwa njia nyingine inayotumia oksijeni na hapo ndo wanapendeza, lakini mtungi wako haukuwa safi wa maabara, bakteria wamo, na chini ukikosa hewa sijui nani kafanya nini. Otesha mbegu zinazoota haraka kwa maji hayo na nyingine kwa maji safi, pima urefu wa mizizi. Mizizi ikidumaa usimwage popote. Ikiota vizuri ni dalili njema ila bado sio cheti.

Kuhusu kupeleka kiwandani, hapo ndo pagumu. Maji ya rangi za kutilia pamba yanatoka ya moto, yamejaa chumvi na magadi, pH 10 na zaidi, wakati lakesi nyingi zinapenda kwenye 4 au 5 na chumvi ya kloridi inazizuia. Alafu ukifungua mlango kwa bakteria wanazaliana haraka kuliko fangasi, wanakula sukari uliyoweka, wanamzidi nguvu. Nimeona utando mzuri ukageuka ute kwa namna hiyo. Kilichonisaidia ni kushusha pH mpaka asidi kidogo, kupunguza chakula chepesi, na kuotesha fangasi kwenye vipande vya mbao au dodoki badala ya kuelea tu, akishashika anakuwa na makao na bakteria wanapata shida kumng'oa. Hata hivyo mimi ningemweka kwenye maji yaliyokwishapozwa na kupunguzwa alkali, nisimpe mzigo wote peke yake. Mabaki ya vitalu vya uyoga baada ya kuvuna bado yana lakesi ndani, ni malighafi nzuri ya kuanzia na haina gharama kubwa.

Mwisho, uyoga ukichipua kwenye huo mtungi usile wala usimpe mtu. Na utando uliobaki na bluu ndani usiutupe shambani, ukaushe uuhifadhi na taka za kemikali, maana rangi yote uliyoitoa kwenye maji huenda bado imo humo.