Tazama maiki, achana na midomo

Unataka kujua kama msanii jukwaani anaimba kweli au anachezesha midomo tu juu ya rekodi? Midomo kupishana na sauti si ushahidi. Kwenye TV picha na sauti huachana hata mtu akiimba laivu kabisa. Maiki ya mkononi ndiyo inayosema. Akiisogeza mbali au akigeuza kichwa, sauti inapaswa kufifia. Ikibaki palepale, ujue ni rekodi. Sikiliza na pumzi: anayeruka na kucheza jukwaani kwa kawaida husikika akihema. Wakati mwingine mitambo yenyewe humuumbua mtu: Oktoba 2004 kwenye Saturday Night Live, kipindi cha TV cha Marekani kinachorushwa laivu, sauti ya mwimbaji Ashlee Simpson ilianza kusikika, tena ya wimbo mwingine, maiki ikiwa chini kiunoni.

Ila wengi siku hizi wako katikati: wanaimba kweli, huku sauti yao iliyorekodiwa ikipigwa kwa chini, hasa kwenye kiitikio. Hapo kwa masikio tu huwezi kuapa. Beyoncé alipoimba wimbo wa taifa wa Marekani kwenye sherehe ya kuapishwa kwa Obama, Januari 2013, watu walibishana siku kadhaa mpaka alipokiri mwenyewe kwamba aliimba kufuatisha rekodi.