Orodha ya jeni ikishatoka: ushauri kwa wanaoanza uchambuzi

Ukishapata orodha yako ya jeni 200 ambazo kiwango chao cha kufanya kazi kimebadilika, usikimbilie kuibandika kwenye programu na kushika njia ya kibayolojia (kundi la jeni zinazofanya kazi moja kwa pamoja) iliyotokea ya kwanza. Jiulize kwanza: jeni hizi zimechujwa kutoka kundi lipi?

Chukua damu ya wagonjwa wa malaria. Tuseme njia moja ya kinga ina jeni 500, na 10 kati yake zimo kwenye orodha yako. Ukilinganisha na jeni 20,000 hivi za binadamu zinazotengeneza protini, kwa bahati tu ungetarajia 5, kwa hiyo 10 zinaonekana nyingi. Lakini kwenye damu ulipima jeni 10,000 tu, na za kinga zimo karibu zote, 480. Sasa bahati peke yake inakupa 9.6. Hakuna ugunduzi hapo. Umepima damu, ukaambiwa ni damu. g:Profiler, programu ya mtandaoni inayotafuta njia zenye jeni nyingi kuliko bahati, inakuruhusu kupakia orodha ya jeni ulizopima kweli. Ipakie kila mara, na uitaje kwenye ripoti. Mimi ripoti isiyoitaja huwa siiamini.

Halafu fungua kila njia uone ni jeni zipi zilizoipandisha. Kwenye KEGG, hifadhidata ya njia hizi, jeni nyingi za mitokondria za kuzalisha nishati zimewekwa pia chini ya Parkinson, Alzheimer na Huntington. Nishati ikishuka kwenye misuli, magonjwa matatu ya ubongo yanajitokeza juu! Hiyo ni habari moja iliyorudiwa mara nne.

Orodha ikitoka tupu, usikate tamaa. Mwaka 2003, watafiti nchini Marekani walichunguza misuli ya wagonjwa wa kisukari, na hakuna jeni hata moja iliyovuka kizingiti cha takwimu peke yake. Walipozipanga zote kwa kiwango cha mabadiliko na kuzitazama kwa makundi, zile za nishati zilikuwa zimeshuka kwa pamoja, kila moja kidogo tu.

Kwenye mitandao ya protini, yaani michoro inayounganisha kwa mistari protini zinazohusiana, hifadhidata ya STRING huanza na alama ya uhakika ya 0.4, ipandishe hadi 0.7, kisha uzime ushahidi uliookotwa kwenye maandishi. TP53, jeni maarufu ya saratani, ina mistari mingi kwa sababu pia imechunguzwa mno, hivyo kukaa kwake katikati ya mchoro si ushahidi kwamba ndiyo muhimu kwenye data yako.

Na kagua majina ya jeni kabla ya yote. Excel hugeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe. Tangu 2020 jina rasmi ni SEPTIN2, ila mafaili ya zamani bado yanazunguka.